Kihurio, Nilikofundishwa Kulisha Betri

Ukitaka kwenda Kihurio kutoka Same, huna budi kuiacha barabara kuu iendayo Dar es Salaam na kuizunguka milima ya Upare kwa upande wa mashariki. Njia hiyo, yenye urefu wa karibu kilomita 100 hata ikutane tena na barabara kuu huko Mkomazi, hupita katikati ya nchi mbili zisizofanana hata kidogo. Mkono wa kulia ni milima, kijani na baridi, ambayo kilele chake cha juu kabisa, Shengena, kina mita 2,462, na asubuhi nyingi hukioni kwa ukungu. Mkono wa kushoto ni tambarare kavu ya Mkomazi, pori la miiba lililotengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1951, ambalo leo ni hifadhi ya taifa yenye eneo lipatalo kilomita za mraba 3,245. Utapita Kisiwani, utapita Maore, utapita Ndungu, ndipo uingie Kihurio.

Mgeni aliyekula vumbi kwa saa kadhaa hushangaa anapofika hapo. Mvua katika tambarare ile ni ya kubahatisha, walakini mashamba ya mpunga yamelala kijani kibichi hadi miguuni pa milima, kwa kuwa maji hushuka kutoka juu na kuongozwa kwa mifereji. Jirani zao wa Ndungu walijengewa skimu kubwa ya umwagiliaji mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Lakini Wapare, au Vaasu kama wajiitavyo wenyewe, walijua kuyachunga maji zamani sana kabla ya hapo, na jambo hilo nitalirudia baadaye, maana ndilo lililonifumbua macho.

Sisi tuliingia Kihurio mwezi wa Februari tukiwa na nyumba yetu mgongoni, kama kobe. Nilipostaafu nilinunua basi dogo lililochakaa, nikang'oa viti, nikatia kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na jokofu dogo linalotumia umeme wa volti 12. Vijana wangu walicheka wakasema baba sasa amekuwa mtalii. Ukweli ni kwamba gari-nyumba hilo nililitengeneza kwa ajili ya mama yao. Yeye ni mzaliwa wa Kihurio, na amekuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Insulini yake ya akiba haina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na kwetu mtu hawezi kupanga safari kwa kuhesabu majokofu ya jamaa zake. Kwa hiyo jokofu likawa ndio moyo wa gari, na betri 2 zilizo chini ya kitanda zikawa ndio moyo wa jokofu.

Betri zetu za kwanza zilikufa kabla hazijatimiza miezi 9, nami ndiye niliyeziua. Nasema hivyo bila kujitetea. Niliziacha zikaisha kabisa mara nyingi, kwa kuamini kwamba betri ni kama tangi la petroli, ambalo halidhuriki kwa kukaa tupu. Safari zilipokwisha nililiegesha gari miezi 2 mizima, betri zikiwa hazina kitu. Tena nilipoona maji yamepungua ndani yake, nilinunua dukani chupa iliyoandikwa tindikali, nikamimina, nikidhani naziongezea nguvu. Mwaka jana tulilala siku 3 kwa jamaa huko Korogwe, na gari limeegeshwa juani. Tuliporudi jokofu lilikuwa limezima, na ndani yake mlikuwa na joto la tanuri. Mama watoto aliichoma insulini ile kwa siku 2 kabla hatujatambua kuwa imeharibika, na kwa siku hizo 2 sukari yake ilipanda hata akaanza kuona ukungu machoni. Tangu hapo sikumsikia akilalamika, ila nilimwona kila jioni akifungua mlango wa jokofu na kuweka kiganja ndani.

Safari hii tulikuwa na betri mpya. Tulizinunua njiani katika duka moja, zikiwa kavu, na tindikali yake katika chombo cha pembeni. Mwenye duka akazijaza mbele yetu, akafunga vizibo, akasema, "Zimejaa, mzee, funga uende." Nikafunga nikaenda. Nilikuwa na furaha ya mtu mwenye viatu vipya.

Siku ya pili Kihurio, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko ili nipate waya mnene zaidi. Kibanda chake ni cha mabati, nje pamepangwa betri za kila namna: za pikipiki za bodaboda, za malori yanayoshusha tangawizi kutoka Mamba Miamba, za matrekta, na za nyumba za pembezoni zinazotumia umeme wa jua. Mtu aliyeoa Kihurio ni shemeji wa kijiji kizima, kwa hiyo fundi naye aliniita hivyo, na utani wa kishemeji ulianza kabla sijakaa.

"Shemeji, nani amekwambia betri hizi zimejaa?"

"Mwenye duka."

"Alipima?"

Nikanyamaza. Akatoa kijimrija cha kioo chenye mpira kichwani na kuelea ndani yake, akafungua vizibo 6 vya betri ya kwanza, akavuta tindikali kidogo katika kila seli na kuirudisha. Hicho ndicho kipima tindikali, au haidromita. Ubavuni mwa betri kiwanda kilikuwa kimebandika karatasi isemayo kwamba ikijaa, kipimo kiwe 1,260. Seli zangu zilisoma 1,210, moja ikasoma 1,205. Akaweka na mita ya volti: 12.4. Mtu asiyejua angeridhika na 12.4, maana ni zaidi ya 12. Kumbe betri ya namna hii, yenye seli 6, iliyojaa na kupumzika saa kadhaa, husoma volti 12.6 au 12.7, na ikifika 12.2 imekwisha kupoteza nusu ya chakula chake. Kati ya shibe na nusu njaa pana nusu volti tu. Ile ya kwangu ilikuwa imetoka dukani ikiwa na upungufu wa karibu theluthi.

Nikamwuliza itakuwaje kitu kipya kiwe na njaa. Alinieleza kwa utaratibu, nami najaribu kukueleza kama nilivyoelewa. Ndani ya kila seli yamo mabamba ya namna mbili, ya risasi tupu na ya oksidi ya risasi, yaliyotumbukizwa katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba yote huivuta salfa kutoka katika tindikali na kugeuka kuwa salfeti ya risasi, na tindikali inayobaki huwa nyepesi, hukaribia maji. Unapoichaji, salfa hurudishwa na tindikali huwa nzito tena. Ndiyo maana uzito wa tindikali husema ukweli kuhusu tumbo la betri. Sasa betri kavu ikikaa rafuni miezi mingi, na hasa penye unyevunyevu, mabamba yake huharibika kidogo kidogo. Siku unapomimina tindikali, sehemu yake huliwa hapo hapo. Kwa hiyo baada ya kuijaza yapasa kuiacha nusu saa hivi mabamba yanywe, kuangalia tena kama tindikali imeyafunika, kisha kuichaji polepole hadi ishibe, kabla ya kuidai kazi yoyote.

Hapo ndipo alipouliza, "Shemeji, umewahi kuona ndiva?"

Nimeoa Upareni zaidi ya miaka 30, nimeziona. Ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee walilijenga mlimani kwa udongo na mawe, penye kijito au chemchemi. Maji ya kijito kidogo hayawezi kufika shambani kwa mkupuo mmoja, yatanywewa na ardhi njiani. Kwa hiyo jioni huziba mlango wa ndiva, maji hujikusanya usiku kucha, asubuhi mwenye zamu hufungua na maji hushuka kwa nguvu hata shamba la mwisho. Tope likijaa ndani, watu huitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakalizoa.

"Usiku mmoja mtu akiondoka mapema, akafungua ndiva haijajaa," akasema fundi, "maji yatatoka tu. Atafurahi. Akifanya hivyo kila siku, shamba la chini litakufa, na tope litaganda kwa kuwa halipati maji ya kulisukuma. Betri ndiyo hiyo hiyo."

Tope alilolisema katika betri ni ile salfeti. Ikiwa changa hurudi kwa urahisi betri inapochajiwa. Ikiachwa majuma mengi hugeuka kuwa chembe ngumu, umeme hauwezi tena kuzivunja, na sehemu hiyo ya bamba huwa imekufa. Nilikumbuka miezi 2 niliyoliegesha gari, nikatazama pembeni.

Alizichaji usiku ule. Kila betri yangu ni ya ampea-saa 100, na kanuni ya mafundi wengi ni kutozidisha sehemu moja ya kumi, yaani ampea 10. Yeye alitia ampea 5 tu kwa kila moja, akisema mara ya kwanza haina haraka. Vizibo alivilegeza, mlango wa kibanda aliuacha wazi, na mtoto aliyekuja na sigara ya baba yake alifukuzwa hadi barabarani. Saa 2 ya usiku akawasha. Kiasi cha saa 5 umeme ukakatika, ukarudi baada ya saa 2 hivi, na shemeji yangu aliyekuwa amelala hapo hapo juu ya mkeka akaamka kuangalia kama chaja imeanza tena. Walilala pale kwa ajili ya dada yao, wala hawakutaka tulitaje jambo hilo.

Insulini yenyewe usiku ule ilikuwa wapi? Mama mkwe wangu ana mtungi wa udongo ambao umekaa kivulini nyuma ya nyumba tangu sijaingia katika ukoo ule. Chupa zilitiwa ndani ya kopo lililofungwa vizuri, kopo likatiwa ndani ya chungu kidogo kikavu, nacho kikawekwa ndani ya mtungi wenye maji kidogo na kufunikwa kitambaa kibichi. Mtungi hauwezi kufika ubaridi wa jokofu, ila kwa kutoa jasho lake hupunguza joto kwa nyuzi kadhaa, na kwa usiku mmoja hilo lilitosha. Bibi yule hakuniuliza habari za betri hata moja. Aliuliza tu kama kijiko cha kupimia nimekirudisha jikoni.

Asubuhi kila seli ilikuwa ikitoa vipovu vya mchezo. Fundi akapima 1,255. Akangoja saa nzima akapima: 1,260. Akangoja tena, 1,260, na tena, 1,260. Kipimo kinapokuwa kile kile mara 3 kwa kupishana saa moja moja, na seli zote zinalingana, hapo ndipo husema betri imeshiba. Niliona ni kazi ya subira kuliko ya elimu. Katika saa za mwanzo betri hupokea umeme kama mtu mwenye njaa. Sehemu ya tano ya mwisho huipokea kwa kijiko, na hiyo ndiyo watu wengi huikata. Gari likitembea kutoka Same mpaka Kihurio, altaneta yake itarudisha chakula kingi, lakini mara chache itaimaliza sehemu hiyo ya mwisho. Dereva huona taa zinawaka vizuri, hulala, na kila siku betri huamka na kidonda kile kile.

Mfaransa Gaston Planté, aliyeitengeneza betri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859, alikuwa na subira kuliko sote. Mabamba yake yalikuwa ya risasi tupu, na ili yapate uwezo ilimlazimu ayachaji na kuyamaliza, ayachaji na kuyamaliza, kwa muda mrefu sana. Mwenziwe Camille Faure ndiye aliyeifupisha kazi hiyo mwaka 1881 kwa kuyapaka mabamba uji wa oksidi ya risasi. Betri iliyomo katika lori lako leo ni mjukuu wa hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilimkasirisha fundi kweli kweli. Alipokuja garini kuzirudisha betri aliinua godoro, akaona sanduku nililozifungia, sanduku zuri la mbao, lisilo na tundu hata moja. Juu yake tunalala, na hatua 2 kutoka hapo ni jiko la gesi. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeshika kisu. Vile vipovu, msomaji wangu, ni hidrojeni na oksijeni zinazotengana kutoka katika maji. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyofungiwa, cheche moja inatosha. Tulikuwa tumelala juu ya hatari hiyo miezi 9, na asubuhi nikiwasha jiko kumpikia mke wangu uji. Tukatoboa sanduku juu, kwa sababu hidrojeni ni nyepesi na hupanda, tukaunganisha mpira unaotoka nje ya gari, na chini tukaacha tundu la hewa safi kuingia. Nimelifanya kuwa sharti: betri zikiwa chajini, jiko halikaribiwi. Na waya wa hasi ndio hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche.

Habari ya maji inahitaji maneno machache, maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Kinachopotea katika betri ni maji; tindikali haiendi popote isipokuwa imemwagika. Kwa hiyo kinachoongezwa baada ya siku ya kwanza ni maji tu, yale yaliyokenekwa, yauzwayo kwa jina la maji ya betri. Chupa yake na ile ya tindikali hufanana mno madukani, basi soma kabla ya kumimina. Maji ya mfereji wa Kihurio ni matamu, na mpunga unayapenda, lakini yamepita katika miamba na udongo na kubeba chumvi na chuma ambavyo ni sumu kwa mabamba. Mtu aliyebanwa kabisa aweza kukinga mvua katika beseni safi la plastiki mahali pa wazi, baada ya mvua kuosha hewa kwanza, wala asikinge ya bati. Tena kuna wakati wake. Kama mabamba yako wazi, ongeza maji ya kuyafunika tu, chaji, kisha ndipo ujaze hadi kiasi cha sentimita moja juu ya mabamba. Ukijaza kwanza, tindikali itavimba wakati wa kuchaji na kufurika, na hapo ndipo ile unga nyeupe na ya kijani hutokea juu ya vichwa vya betri.

Unga huo huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, vizibo vikiwa vimefungwa barabara ili tone lisiingie ndani. Nilimwomba mama mkwe magadi. Akanipa yale yale anayotia katika makande ili mahindi na maharage yalainike upesi, na tindikali ikachemka kama soda. Baadaye futa, kausha, paka grisi. Tindikali ikikurukia mwilini au machoni, usitafute dawa. Mwaga maji mengi safi kwa dakika nyingi, kisha mwone mganga.

Kihurio ina joto, na joto ni adui wa kimya wa betri. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Chaja iliyowekwa volti 14.4 kwa nchi ya baridi itazipika betri katika nyuzi 35. Ni heri ishushwe hadi 14.1 au 14.2. Vile vile maji ambayo kwingine hukaguliwa kila mwezi, huku tulianza kuyakagua kila baada ya juma 2.

Tuliishi Kihurio majuma 3, na kila siku palikuwa na ugomvi mdogo wa ndoa. Nje ya nyumba ya wakwe pana mwembe mkubwa. Mama watoto alitaka gari likae chini ya mwembe, nami nilitaka likae juani kwa sababu ya paneli ya sola ya wati 200 iliyo juu ya paa. Jokofu letu katika joto lile hula kiasi cha ampea-saa 40 kwa siku nzima. Paneli ikipata jua zuri huweza kurudisha 60 hivi. Betri 2 zina 200, ila nusu yake ndiyo tunayojiruhusu kuigusa, kwa hiyo siku 2 za mawingu tunazistahimili, ya tatu tunakwenda kwa fundi. Hesabu hiyo nilimwonyesha kwenye karatasi. Akaniuliza kama karatasi ile inaweza kumfunika na jua.

Halafu tuligundua jambo la Kihurio yenyewe ambalo hakuna kitabu cha betri kitakalokueleza. Kijiji kiko mashariki ya milima. Asubuhi jua huchomoza juu ya tambarare ya Mkomazi bila kizuizi chochote na kukupiga usoni. Jioni huzama mapema nyuma ya ukuta wa milima, na kivuli kikubwa hushuka juu ya mpunga wakati watu wa tambarare ya mbali bado wana jua. Hivyo umeme wetu wote ulikuwa wa asubuhi na mchana. Tukapatana: tangu alfajiri hadi saa 9 gari lilikaa wazi, na yeye alikaa kwa mama yake barazani wakichambua mchele na kusengenya. Baada ya hapo nililirudisha chini ya mwembe, nasi tukanywa chai ya tangawizi tukiutazama mlima ukigeuka buluu.

Betri zile za kale bado zilikuwa chini ya kiti cha dereva. Kijana mmoja alikuja kuzitaka ili azipasue na kuyeyusha risasi yake jikoni nyuma ya nyumba. Nilikataa, na nitakwambia kwa nini. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kati ya mwaka 2007 na 2014 kiliwatia watu sumu ya risasi, na watoto wengi wakawa miongoni mwao. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, baada ya mtoto wake mchanga kupatikana na sumu hiyo, aliongoza mapambano yaliyompatia tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi hata Mahakama ya Juu ilipowapa haki mwezi wa Desemba 2024. Risasi haina harufu ya kukuonya. Huingia katika damu ya mtoto na kudumaza akili yake. Betri kuukuu hurudishwa kwa muuzaji, ikiwa nzima na imesimama wima, naye mara nyingi hukupunguzia bei ya mpya. Zetu tulizirudisha hivyo hivyo.

Tuliondoka Kihurio kwa njia ya kusini, tukapita Bendera hadi Mkomazi. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, iko hapo hapo kandokando ya barabara kuu. Tulilala gari likiwa limeegeshwa karibu na kituo cha mafuta. Kabla ya kulala mama watoto alifungua jokofu, akaweka kiganja, akafunga, akalala.

Sasa amechora mstari katikati ya kila ukurasa wa daftari lake la sukari. Upande wa kushoto huandika sukari yake ya asubuhi, upande wa kulia nami huandika seli 12 za betri. Juma lililopita seli 11 zilisoma 1,255 na moja, ya nne katika betri ya kwanza, ikasoma 1,240. Ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Jumamosi tutazichaji polepole kwa saa nyingi zaidi, kama alivyofanya yule fundi, hadi seli hiyo iwafikie wenzake.